Siku Mama Alipofaulu Kupimwa Macho

Nilivunja jino kwa maharagwe ya mama yangu, na badala ya kujiuliza kulikoni nikamkasirikia. Nilitema kokoto kwenye kiganja nikamwonyesha. "Mama, siku hizi unatupikia barabara?" Akacheka. Akaichukua ile kokoto, akaipapasa kwa vidole bila kuitazama, akasema wachuuzi wa soko hawana haya, wanachanganya mawe ili gorogoro ya kupimia ijae. Nikaamini. Mimi nina hasira za karibu, na mtu wa hasira za karibu hupenda apewe wa kulaumu upesi.

Tulikuwa wawili tu nyumbani, huko Musanda, katikati ya miwa. Baba alikuwa amefariki, ndugu zangu wametawanyika kutafuta maisha, na mimi nilikuwa nimerudi baada ya ndoa kunishinda. Nilifundisha darasa la nane katika shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya kijito. Miaka ile ya tisini, mwalimu wa darasa la nane alikuwa mtu. Shule ilipimwa kwa matokeo ya mtihani wa taifa, na matokeo yalitegemea jinsi tulivyowakaririsha watoto karatasi za miaka iliyopita mpaka wakazijibu usingizini. Katika kazi hiyo nilikuwa hodari, sijisifu. Mtoto akija kwangu mtupu, aliondoka na majibu. Maana ya majibu hayo angeitafuta mwenyewe mbele ya safari.

Mama hakuingia darasani hata siku moja. Mdogo wake, ambaye mimi nilimwita mama mdogo, alisoma mpaka chuo cha ualimu, akafundisha maisha yake yote, akastaafu na kukaa Kakamega mjini kwenye nyumba ya matofali yenye sakafu ya saruji na bomba la maji uani. Walipishana miaka sita tu. Lakini ungewaweka kwenye benchi moja kanisani ungesema mmoja amemzaa mwingine. Mama mdogo alitembea wima, viatu vimefungwa kamba, mkoba begani. Mama alikuwa amepinda mgongo kwa kubeba kuni, maji na mafungu ya miwa ya kupanda, nyayo zimepasuka, kifua kinakohoa moshi wa mafiga. Wametoka tumbo moja. Sura ilikuwa ile ile, pua ile ile, hata kicheko.

Na macho yao yaliingia ukungu wakati mmoja, jambo ambalo lilikuja kunifikirisha sana baadaye. Mama mdogo aligundua mapema kwa sababu alisoma. Jumapili moja alifungua Biblia mistari ikaogelea, akabadilisha miwani, ikaendelea kuogelea, akasema kuna kitu. Mama hakuwa na mistari ya kuogelea. Kazi zake alizifanya kwa mikono na mazoea: kukama, kupalilia, kusonga obusuma, ugali wetu, kuchambua maharagwe. Mpaka ukungu uanze kumzuia yeye, ulikuwa tayari umekomaa. Mtu asiyesoma jicho lake halipimwi na chochote, linakwenda kimyakimya.

Baada ya lile jino nilianza kumwangalia. Aliweka kikombe pembezoni mwa meza kikaanguka. Alimsalimia mgomba. Kweli, nilimsikia kwa masikio yangu akisema "Mulembe" kwa mgomba uliokuwa na jani jeupe lililokauka, na alipotambua kwamba mgomba haujibu akageuza ikawa wimbo wa kanisa. Nilitaka kucheka nikashindwa. Nilipomwuliza alinijibu kwa ukali kwamba macho ya mtu mzima ni ya mtu mzima, nilitaka yawe ya kifaranga? Uzee ni hivyo, alisema. Kwake yeye kuuma kwa magoti, kukohoa, kutoona, vyote vilikuwa jina moja, uzee, na uzee hauna dawa.

Basi siku moja mwalimu mkuu akatutangazia kwamba kundi la madaktari wa macho litakuja shuleni kwetu Jumamosi. Watapima watu bure, na wale wenye mtoto wa jicho wataandikwa, wachukuliwe na gari Jumatatu, wapasuliwe, warudishwe. Darasa langu ndilo lingetumika kwa sababu lilikuwa na madirisha makubwa. Ijumaa jioni wakaleta vifaa vyao, wakaning'iniza kibao ukutani, na mimi nikapewa ufunguo.

Kibao chenyewe kilikuwa cha watu wasiojua kusoma. Kilikuwa na herufi moja tu, ile yenye meno matatu kama kitana kilichovunjika, imechorwa mistari mingi, kubwa juu na ndogo kabisa chini. Meno mengine yalitazama juu, mengine chini, mengine kulia, mengine kushoto. Unaonyesha kwa mkono yanakotazama, basi. Niliona ni jambo la akili sana. Nilikwenda nyumbani nikiwa na furaha.

"Mama, kesho unapimwa macho."

"Siendi."

"Kwa nini?"

"Nani atakuwepo?"

Nikamtajia: watu wa kanisani, majirani, na mama mdogo, maana nilikuwa nimemtumia salamu na yeye angekuja asubuhi kutoka mjini. Mama alikuwa akikoroga mboga. Aliacha mwiko ndani ya chungu akakaa.

"Watatuuliza nini?"

Nikamweleza habari ya kibao. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kitu ambacho mimi, na ualimu wangu wote, sikukielewa kilivyostahili. "Na nikikosea, wanasema mbele ya watu?"

Nilimwambia hakuna kukosea. Nilimwambia wanataka tu kujua unaona nini. Lakini mama alikuwa amewaona watoto wangu wa darasa la nane. Alikuwa amewaona wakirudi nyumbani siku ya matokeo, wengine wakiimba, wengine wakipitia vichochoroni ili wasikutane na mtu. Kwake, kibao kikitundikwa darasani, mtu mwenye fimbo akasimama kando yake na mwingine akaandika kwenye karatasi, huo ni mtihani, na mtihani una kupita na kuanguka. Alikuwa amekaa maisha yake yote nje ya dirisha la darasa. Sasa anaitwa ndani mara ya kwanza, mbele ya mdogo wake mwalimu, aje aanguke.

"Siendi," akarudia. "Mwambie mama mdogo wako ninaumwa tumbo."

Tulibishana mpaka mboga ikaungua. Hasira zikanipanda. Nikaona nafasi yenyewe ni hii moja, gari linakuja mpaka mlangoni, na mwanamke huyu anataka kuitupa kwa haya. Ndipo nikasema neno ambalo nimelijutia kuliko maneno yote niliyomtupia aliyekuwa mume wangu.

"Nikikufundisha, utakwenda?"

Akaniinulia uso. "Vinafundishika?"

Vinafundishika, nikasema. Mawazo yangu yalikuwa haya, na ninayaeleza jinsi yalivyokuwa bila kuyapamba: akikubali kwenda tu, daktari mwenyewe atamwangalia machoni kwa tochi, ataona ukungu, kibao kitakuwa kimepitwa. Kibao kilikuwa cha kumtoa nyumbani tu. Hivyo ndivyo nilivyowaza. Nikarudi shuleni na ufunguo wangu, nikanakili mistari yote kwenye daftari, nikarudi mbio kabla giza halijaingia.

Sijawahi kuwa na mwanafunzi kama yule. Nilimpa mstari wa kwanza nikaona "kulia" na "kushoto" zinamchanganya, kwa hiyo nikatumia kazi zake. Chini ni kupanda mbegu. Juu ni kuanua nguo kambani. Kulia ni kukatia ng'ombe majani, maana ndio mkono wa panga. Kushoto ni kumpokea mtoto mgongoni. Panda, anua, pokea, kata. Kata, panda, panda, anua. Alizirudia mara mbili na kuzishika. Nikarukia katikati kumjaribu, hakuyumba. Nikamwanzisha kutoka chini kwenda juu, akapanda nazo moja moja bila kuteleza. Mama wa watu ambaye hakuwahi kushika kalamu alishika kibao kizima kabla ugali haujaiva. Nilikuwa na watoto wenye sare safi na daftari nne ambao ningewapa juma zima wasifike hapo. Nilijawa na fahari, na chini ya fahari kulikuwa na uchungu wa kujua huyu mtu angefika wapi, lakini fahari ilikuwa kubwa zaidi. Tukacheka sana jioni ile. Akaniita mwalimu. "Mwalimu, mimi nitakuwa namba ngapi?"

Jumamosi watu walijaa uwanja mzima. Mimi niliwekwa meza ya mlangoni kuandika majina, kwa hiyo niliona kila kitu. Mama mdogo alipimwa kwanza. Alikaa kwenye kiti, akafunikwa jicho moja, nesi akagonga kibao kwa fimbo, na mama mdogo akasema kwa sauti ya darasani, "Hiyo siioni. Na hiyo siioni. Bwana, mimi kuanzia hapo chini sioni kitu, ni kama maziwa." Watu wakacheka, na yeye akacheka nao. Akainuka akaenda foleni ya daktari kama mtu aliyepewa zawadi. Aliyefaulu mitihani yote maishani mwake haoni shida kuanguka mmoja.

Halafu akakaa mama. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani na kitambaa cheupe kichwani. Nesi alikuwa amechoka, foleni haiishi, akawa anagonga kwa mpangilio kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho. Mama akasikiliza mlio wa fimbo, na mkono wake ukaenda. Chini, juu, kushoto, kulia. Mstari wa pili. Mstari wa tatu. Alipofika yale madogo ambayo hata mimi ningeyakazia macho, hakupunguza mwendo. Nesi akafunika jicho la pili, akaanza upya, na mama akaanza upya.

"Mama, una macho ya msichana," nesi akasema.

Watu wakapiga makofi. Niliona mama akiinua kidevu, akigeuza uso upande alikodhani dada yake yuko. Nilicheka na mimi. Kisha nesi akaandika alama kwenye karatasi, akamwonyesha mama mlango wa nyuma, sio mlango wa daktari, na mtu akamwita anayefuata.

Kumbe hivyo ndivyo walivyopanga. Waliopita kibao hawakuwa na haja ya kumsumbua daktari, walikwenda nyumbani. Daktari alikuwa wa walioanguka.

Kalamu ilinikwama mkononi. Nesi alikuwa hatua tano kutoka kwangu. Ningeinuka, ningesema: dada, subiri, huyu ni mama yangu, nilimfundisha. Lakini mwalimu mkuu alisimama pale pale mlangoni, na mama mdogo alikuwa ametoa shingo kwenye foleni akitabasamu, na uwanja mzima ulikuwa umeshapiga makofi. Nilijiona nikisema, nikaona mama akirudishwa kwenye kile kiti mbele yao wote. Nikamwandika mtu aliyefuata. Nikajiambia nitazungumza nao jioni. Jioni walikuwa wakifunga vitu, wana haraka, gari linanguruma. Nikajiambia watarudi mwakani.

Hawakurudi mwakani.

Jumatatu mama mdogo alichukuliwa na gari, akapasuliwa jicho moja, na baada ya miezi michache akalipia mwenyewe la pili huko mjini. Nilipomtembelea nilimkuta kibarazani anasoma gazeti. Alikuwa amepumzika wiki kadhaa bila kuinama wala kubeba kitu, kama alivyoagizwa, kwa sababu bomba liko uani na pensheni inakuja yenyewe. Akaniuliza habari za dada yake. Nikasema hajambo.

Na mama, masikini, alikuwa ameshika njia ambayo haina pa kugeukia. Alikwisha sifiwa. Wanawake wa kanisani walimtania: wewe mwenye macho ya msichana, hebu tutungie sindano. Alijibu kwamba sindano ni za vijana, wajifunze. Tulipokuwa peke yetu nilimsihi twende hospitali ya mjini. "Kwani nesi alisemaje?" alinijibu. Mara nyingine alisema wanatoa jicho lote wanaliosha kwenye bakuli, amesikia. Mara nyingine aliuliza ng'ombe atakamwa na nani, maji yatachotwa na nani nikiwa kazini. Yote hayo yalikuwa ya kweli kwa kiasi chake. Lakini neno lenyewe, kwamba yeye na mimi tulidanganya na sasa turudi tukaseme, hilo hakuna aliyelitamka. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tulificha tukiwa wawili, mmoja akimshikia mwingine mlango.

Aliendelea kufanya kazi zake zote. Hilo ndilo lililonidanganya. Alikwenda kijitoni kila asubuhi na kurudi na ndoo kichwani bila kumwaga. Kijia chetu kilipita kati ya miwa yetu na miwa ya jirani, na wakati huo ilikuwa imekomaa, imetupita kimo, imefunga pande zote mbili kama ukuta. Nilimwona mara nyingi akipita amenyoosha mkono wa kushoto, majani yakimpapasa kiganja. Nilidhani anafurahia mazao. Mimi mwenye macho mazima sikuona kwamba mama anaongozwa na miwa.

Wakataji walikuja wiki ya mvua. Kwa siku mbili walilaza shamba letu lote na la jirani, trekta likaingia na tela lake, likakata kijia chetu mara tatu, likaacha mitaro ya magurudumu iliyofika gotini. Niliporudi jioni ya pili nilishangaa jinsi kulivyokuwa kweupe, nyumba za mbali zinaonekana. Nikafurahi. Nikamwambia mama, "Sasa tunaona mpaka barabarani." Akaitikia, "Eeh." Sikufikiria zaidi ya hapo. Asubuhi nikaenda kazini mapema kama kawaida.

Alinisimulia baadaye akiwa kitandani. Alitoka na ndoo yake, akahesabu hatua mpaka mahali miwa inapoanzia, akanyoosha mkono, hakukuwa na kitu. Akasikia upepo mahali ambapo hapajawahi kuwa na upepo. Akasema moyoni nimepotea, nimepotea kwangu mwenyewe. Angerudi. Lakini alisikia sauti za wanawake upande wa kijitoni, hakutaka wamwone amesimama anapapasa hewa, kwa hiyo akatembea, akatembea kwa haraka kama mtu anayeona. Mtaro wa pili ndio uliompata. Wale wanawake ndio waliomtoa.

Mfupa wa nyonga ulikuwa umevunjika. Hospitali kubwa mjini walimlaza, wakamfunga uzito mguuni, akakaa hivyo majuma mengi akitazama dari asiyoiona. Mfupa ulishika, lakini vibaya, mguu mmoja ukawa mfupi na mgumu. Mtu wa mazoezi alijaribu. Mama alijaribu kuliko yeye. Ikafika mahali wakatuambia atafika kutoka kitandani mpaka kwenye kiti akishikwa, na hapo ndipo mwisho.

Humo wodini ndimo alimopita daktari mmoja kijana wa macho, akimwendea mgonjwa mwingine, akasimama. Akainama, akamwangalia mama kwa tochi yake ndogo. Haikumchukua muda. Akaniita kando.

"Mama huyu hakuvunjwa na mtaro," akasema. "Hii kazi ni ndogo, tungeifanya zamani. Hakuwahi kupimwa?"

"Alipimwa."

"Wakasemaje?"

"Wakasema macho ni mazuri."

Akatikisa kichwa, akasema maneno makali juu ya watu wanaozunguka vijijini kupima bila makini. Nami nikamwacha aseme. Nilisimama pale na vitabu vyangu vya kusahihisha kwapani, nikaacha lawama iende kwa wale watu waliokuja kwetu kwa wema wao. Sijui kama kuna jambo nililowahi kufanya la woga kuliko hilo. Lile la kwanza nilikuwa na watu uwanja mzima wa kunitisha. Hapa nilikuwa na mtu mmoja.

Mama mdogo akagharamia upasuaji. Walianza jicho la kulia, na baada ya hapo tukampeleka nyumbani kwake apumzike, kwa sababu sakafu yake ni tambarare na choo kiko ndani. Asubuhi ya kuondoa kitambaa nesi wa zahanati ya jirani alikuja kibarazani. Mama alikuwa kwenye kiti, miguu juu ya kigoda. Kitambaa kikatoka, akapepesa, akafuta machozi, akatulia.

Alianza na mimi. "Umekonda," akasema. "Na hilo pengo mdomoni umelipata lini?" Kisha akamgeukia dada yake, akamtazama kwa muda mrefu kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu. "Na wewe, kumbe kichwa chote kimekuwa cheupe, na unajidai kijana." Wakacheka kile kicheko chao kimoja. Nesi naye alicheka, akafunga vitu vyake akaondoka.

Mama mdogo akaketi, akaanza kufuta macho kwa kanga. "Ninapofikiria wale watu," akasema. "Wangekuwa makini siku ile, dada, leo ungekuwa unatembea. Ningewapata ningewaambia ukweli wao."

Nikasema, "Hawakukosea wao. Nilinakili kibao jioni ya kuamkia siku ile, nikamfundisha majibu. Na alipotolewa mlango wa nyuma niliona, nikanyamaza."

Mama mdogo alinitazama kama ambavyo lazima aliwatazama wanafunzi wake walioiba mtihani. Nilitaka anipige. Ningeshukuru. Badala yake akamgeukia mama.

"Na wewe ulijua?"

"Alinifundisha vizuri," mama akasema. "Nilipata yote."

"Lakini kwa nini, dada? Mimi mwenyewe nilianguka, watu wakacheka, ikaisha."

"Wewe uliweza kuanguka," mama akamjibu, bila ukali wowote.

Nililia, na sikujificha. Mama akanyoosha mkono, akanishika kichwa, akaniambia ninyamaze, yeye ndiye aliyekuwa na mdomo siku ile na mkono wa kuonyesha ulikuwa wake. Sikukubali wakati ule na mpaka leo sijakubali. Huwezi kumgawia mtu nusu ya lawama kisha ukasema mko sawa, mmoja ana miguu na mwingine hana.

Mama mdogo aliinuka, akasema anakwenda dukani kuchukua maziwa, tunywe chai. Nafikiri alitaka kuwa peke yake. Akachukua mkoba, akashuka ngazi za baraza bila kushika ukuta, akafungua lango, akaingia barabarani. Barabara ile ni ndefu na imenyooka, inapanda kidogo. Mama aliegemea mbele kwenye kiti akamfuata kwa lile jicho moja. Akamtazama akiruka dimbwi, akamtazama akisimama kumsalimia mtu, akamtazama akiendelea, haraka, mgongo umenyooka, mpaka akawa mdogo kule juu.

"Namwona bado," akaniambia.

"Umwone tu."

"Alipozaliwa, nilikuwa nimefikia umri wa kuandikishwa shule. Baba akasema nisubiri, mtoto akiweza kutembea nitakwenda. Nilikuwa namwinua kila siku, namshika mikono, namwambia tembea, tembea upesi. Alichelewa kweli. Alipokuja kuweza, mwingine alikuwa amezaliwa." Hakuwa akinitazama mimi, macho yalikuwa barabarani. "Yule, mimi ndiye niliyemfundisha kutembea," akasema, na akaniomba nimsogezee mguu, ulikuwa umekufa ganzi.